Kinyota cha Mita

Ujumbe huingia tarehe nne, saa tatu asubuhi,
ukungu ukiwa bado umelalia mabati ya Uyole:
*Ndugu Mteja ANYOSISYE MWAKANYAMALE,
ankara yako ya maji ni hii, namba ya malipo ni hii,
lipa kwa wakati kuepuka usumbufu.*

Baba haepuki tena usumbufu wowote.
Tulimzika Juni, majani ya viazi yameungua kwa jalidi,
sururu zikigonga udongo kama zinabisha hodi.
Laini yake nimebaki nayo mimi
kwa ajili ya ankara, na kwa ajili ya wale
wanaopiga usiku kuuliza kama bado anauza mbegu za viazi.

Alikuwa na daftari.
Kila mwisho wa mwezi aliinama juu ya mita, tochi mdomoni,
akafuta vumbi kwa kidole gumba, akaandika,
ili msoma mita akija asije akakadiria.
Neno hilo alilichukia kuliko mwizi wa kuku.
"Kukadiria," alisema, "ni kuiba umevaa tai."
Uniti kumi na moja. Uniti kumi na moja.
Kumi, mwezi ule Bupe alipokwenda shule ya bweni.
Kumi na moja tena.

Julai zikaja saba.

Usoni mwa mama sikuwa nimesoma kitu,
uso wake duka lililofungwa, kufuli nje.
Mita ndiyo iliyonipigia hesabu ya mtu mmoja:
ndoo zake mbili za alfajiri, maji ya kunyolea,
birika la chai ya tangawizi,
na ule mpira uliozunguka hadi nyuma ya nyumba
kwenye miche yake ya parachichi.
Uniti nne. Huo ndio uliokuwa uzito wake.

Nikaenda mjini kubadili jina.
Dada wa dirishani, sweta juu ya sare, akanihesabia kwa kalamu:
cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa mtaa,
muhtasari wa kikao cha ukoo, kitambulisho cha mrithi.
"Mrithi wa nini?"
"Wa mita," akasema, wala hakucheka,
na nyuma yangu mzee mmoja wa Itezi akakohoa,
deni lake amelikunja mara nne kiganjani.

Agosti, saba.
Septemba, kumi na mbili.

Kumi na mbili! Nikasema bomba limepasuka chini kwa chini,
au jirani Gwakisa amejiunganishia kwetu.
Jioni nikafunga koki zote, ya jikoni, ya bafuni,
na ile ya uani inayolia kama mbuzi.
Nikainama, tochi mdomoni
(kumbe ina ladha ya kutu, hakuwahi kuniambia)
nikakitazama kinyota chekundu ambacho huzunguka
hata likipita tone.
Kimetulia.
Nikangoja hadi magoti yakafa ganzi. Kimetulia.

Saa nne usiku kikaanza kuzunguka.

Nikaufuata mpira gizani kwa miguu mitupu,
umejaa, wa baridi, ukitetema chini ya unyayo,
ukanifikisha kwenye miche.
Mama amesimama, khanga kichwani, koti la baba mwilini,
mikono ya koti imemmeza vidole,
analowesha shina moja moja bila haraka,
akiliambia kila moja neno la Kinyakyusa
ambalo sikulisikia vizuri, na sikuuliza.

"Mama, uniti kumi na mbili."
Hakugeuka.
"Nimeuza maharage debe mbili. Pesa iko kwenye kopo la kahawa.
Kalipe. Na hilo jina liache lilivyo."

Nikalipa kulipokucha, kwa simu yake.
*Ahsante ANYOSISYE, malipo yako yamepokelewa.*
Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukunja mpira.
Mche wa tatu kutoka ukutani ulikufa zamani, tangu jalidi ya Juni,
umebaki kijiti ambacho hata kuku hawakiparui.
Udongo wake ulikuwa umelowa kama wa mingine.